Shajara ya Impreza: kuchagua klachi ya gari inayokanyagwa

Jumamosi

Klachi, kile kiungo cha injini na giaboksi, inateleza, sasa hakuna ubishi. Asubuhi njia ya Fumba ilikuwa nyeupe. Nikatia gia ya nne, nikaiacha injini ishuke mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha nikakanyaga mafuta mpaka chini. Turbo ilipoamka mshale wa mizunguko uliruka kuelekea 4,000, na gari ikabaki na spidi yake ileile. Nikaachia mafuta, mshale ukarudi. Harufu ilifuata baada ya muda kidogo, ile ya lainingi (utando wa msuguano kwenye sahani ya klachi) iliyoungua. Hata madirisha yakiwa wazi huikosi.

Nitaandika mradi huu kadiri unavyokwenda. Gari za aina hii zimekuwa nyingi Unguja, na maelezo mengi ya klachi yameandikwa na watu wenye viwanja vya mashindano na baridi. Sisi tuna Darajani saa saba mchana, matuta ya Jozani na mchanga wa Paje. Klachi inayosifiwa huko si lazima itufae hapa.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2001, bodi ya GDA, ile yenye taa za mviringo. Injini ni EJ205, silinda 4 zilizolala, lita 2.0 na turbo. Kiwandani Japani waliiandikia nguvu farasi 250 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 333 kwenye mizunguko 3,600. Giaboksi ina gia 5 na tairi zote 4 zinavuta. Sahani ya klachi ina upana wa milimita 230, pedali inafanya kazi kwa haidroliki, na mfumo wake ni wa kuvuta, yaani beringi huvuta vidole vya presha pleti (bamba linaloibana sahani kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini) badala ya kuvisukuma. Jambo hilo la mwisho ni muhimu kwa yeyote atakayeagiza spea.

Nimeshabadilisha ekzosi na presha ya turbo imeongezwa kidogo, kwa hiyo torki imepanda. Hesabu zangu nazifanya kwa Nm 380. Na ndiyo, naikanyaga. Napenda kuvuta gia ya pili mpaka juu, nipachike ya tatu haraka, niisikie injini inavyovuta hewa. Ila kuondoka kwa kuachia klachi ghafla sina tabia nayo, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mradi mzima.

Jumapili, gereji

Fundi wangu alifanya kwanza jaribio la kizamani: breki ya mkono juu, gia ya tatu, achia klachi. Injini ikazimika papo hapo.

"Mwanangu, klachi hii ingali inashika," akasema.

Nikamwomba tutoke wote. Pale kwenye gia ya nne akaona mwenyewe mshale unavyopanda, akanyamaza, kisha akatikisa kichwa. Jaribio la breki ya mkono hukamata klachi iliyokwisha kabisa, kwa sababu injini ikiwa katika mzunguko wa chini haina torki ya kuishinda hata lainingi chovu. Gari ya turbo ipimwe pale torki inapopanda, kwenye gia ya juu.

Kabla ya kuilaumu sahani tulikagua vitu viwili. Kwanza masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali: ikiwa pedali haina uchezo wowote juu, oili hubaki na presha ndani ya bomba na presha pleti haibani sawasawa. Pedali yangu ina uchezo wake, ingawa chini ya masta silinda pana unyevu kidogo. Pili, oili ya injini. Nyuma ya bloku ya EJ, mahali panapofichwa na flaiwili, kuna kifuniko cha kutenganisha oili ambacho zamani kilitoka kiwandani kikiwa cha plastiki. Plastiki hupinda kwa joto, oili ikaanza kutiririka kwenye maungio ya injini na giaboksi. Tulipotia taa chini tuliiona, mstari mweusi uliolowa. Sahani mpya ikifungwa bila kuziba hapo ni kuitupa. Kifuniko cha chuma kimeingia kwenye orodha ya manunuzi.

Jumanne usiku, hesabu

Uwezo wa klachi kushika torki unatokana na vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano, nguvu ya kubana ya presha pleti, na umbali wa lainingi kutoka katikati. Nyuso ni 2, mbele na nyuma ya sahani. Lainingi ya kawaida, ile ya organiki, ina msuguano wa karibu 0.3. Kwa sahani ya milimita 230, wastani wa umbali kutoka katikati nauchukulia milimita 96. Tuseme presha pleti inabana kwa Niutoni 6,500. Zidisha vyote: unapata kama Nm 374.

Kwa injini ya Nm 333 inatosha. Kwa 380 haitoshi, na joto likipanda msuguano unashuka, pengo likazidi. Namba ya Niutoni ni ya mfano tu, lakini inaonyesha pa kushika. Nikibakisha lainingi ileile nikapandisha kubana mpaka 8,000, nafika Nm 460. Nikibakisha presha pleti ya kawaida nikaweka seramiki yenye msuguano wa 0.4, nafika karibu 500. Kwa karatasi, seramiki inashinda.

Ila karatasi haina matuta. Joto linaloingia kwenye klachi wakati wa kuondoka ni takriban sawa na nishati ya mwendo ambayo gari inaipata mpaka pale sahani na flaiwili zinapokwenda sawa, na nishati hiyo hupanda kwa mraba wa spidi. Anayeondoka kwa mizunguko 4,000 anaipa klachi joto la mara 7 kuliko anayeondoka kwa 1,500. Kwa hiyo watu wawili wenye gari moja na injini moja wanaweza kuhitaji klachi mbili tofauti kabisa. Anayevuta gia akiwa mwendoni anahitaji uwezo wa kushika. Anayeondoka kwa kishindo anahitaji uwezo wa kustahimili joto. Mimi ni wa kwanza.

Halafu kuna giaboksi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Gari inayovutwa na tairi za nyuma tupu, ukiachia klachi ghafla tairi zinasaga lami na mshtuko unaishia hapo. Impreza imeng'ang'ania chini kwa tairi 4. Lazima kitu kipishe: ama klachi iteleze nukta moja, ama meno ya gia yapokee pigo lote. Giaboksi hii ya gia 5 inajulikana dunia nzima kwa udhaifu wa meno, ya tatu hasa. Klachi ndiyo fyuzi yake. Ukiweka fyuzi nene kupita waya, siku ya hitilafu unaunguza waya.

Alhamisi, barazani

Baada ya isha nilikwenda na swali langu barazani, na kama nilivyotarajia kila mtu alikuja na klachi yake.

"Yakhe, weka ya vipande, usahau," alisema mmoja ambaye gari yake ina seramiki ya vipande 6. Ninamheshimu, anajua kufunga injini. Tukaenda kuizunguka Malindi kwa gari yake. Inashika, hilo halina shaka. Lakini kila anapoanza kuondoka gari inatetemeka mpaka kioo cha kati kinacheza, na kwenye foleni ya Darajani inambidi aachie nafasi ya gari mbili mbele ili asiondoke kila dakika. Vipande vile vina eneo dogo la kugusa na havina ule ulaini wa kuanza kushika polepole. Vinashika ama vinaachia. Na vinakula flaiwili, kila siku kidogo.

Mwingine alisimama na Kevlar. Lainingi ya nyuzi za namna hiyo ina sifa nzuri: inadumu muda mrefu na inashika kwa ulaini. Udhaifu wake ni kwamba inataka kulainishwa kwa subira nyingi mwanzoni, na ukiipasha joto kupita kiasi uso wake unang'aa kama sahani ya kaure na ushikaji haurudi kirahisi. Organiki iliyopata joto husamehe zaidi. Kwa kisiwa ambacho ukikwama mchangani Paje utaitesa klachi dakika kumi mbele na nyuma, msamaha huo nautaka.

Ndugu yangu wa Wete, Pemba, alikuwa kwenye simu muda wote. Yeye ana gari kama hii lakini injini haijaguswa, na njia zake ni za vilima, si kama huku kwetu Unguja tambarare. Swali lake lilikuwa je, na yeye aongeze presha pleti ngumu? Nikamwambia hapana. Torki yake iko ndani ya uwezo wa klachi ya kiwandani, na kinachomtesa ni kusimamia gari kilimani kwa klachi badala ya breki ya mkono. Presha pleti ngumu ingempa pedali nzito tu. Na uzito wa pedali hauishii gotini: kila ukikanyaga, kranki nzima (shafti kuu ya injini) inasukumwa upande mmoja dhidi ya beringi yake ya kuzuia mwendo wa pembeni. Anayekaa kwenye foleni na pedali chini anaila beringi hiyo.

Flaiwili nyepesi pia ilitajwa. Nimeikataa bila kufikiri sana. EJ205 chini ya mizunguko 3,000 turbo bado imelala, na uzito wa flaiwili ndio unaobeba gari kwenye matuta. Ukiupunguza, gari inazimika kila mara mbele ya daladala.

Uamuzi

Sahani ya organiki yenye springi za katikati, presha pleti ngumu kiasi, ya kiwango cha kwanza tu juu ya ile ya kiwandani. Nimechagua Exedy. Ni kampuni ya Osaka iliyoanza 1950 kwa jina la Daikin Manufacturing na kuchukua jina la Exedy mwaka 1995, na Subaru nyingi zimetoka kiwandani na klachi zao. Springi za katikati sizitoi kwa bei yoyote: ndizo zinazomeza mtetemo wa injini usifike kwenye meno ya gia. Sahani isiyo na springi iachwe kwa gari za mashindano.

Pamoja nayo: beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya kranki, kifuniko cha chuma cha oili. Vyote vinne havina bei kubwa ukilinganisha na kazi ya kushusha giaboksi mara ya pili.

Jumatano, mzigo umefika na boti

Boksi limekuja kutoka Dar, maandiko nje ni sawa, gari imeandikwa sawa. Nikalifungua hapohapo kibarazani kabla ya kulipeleka gereji. Beringi ilikuwa na uso bapa, laini, haina pete ya kujifunga. Nikaangalia vidole vya presha pleti: vimekaa kwa kusukumwa. Ni seti ya mfumo mwingine. Subaru wametumia mifumo yote miwili kwa miaka tofauti, kipimo cha 230 kikiwa kilekile, na sahani peke yake haikuambii.

Niliwapigia picha vitu vitatu: beringi, vidole kwa mbele, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Duka halikubisha, wakabadilisha. Nawashauri wote wanaoagiza, hasa tulio visiwani ambako kurudisha mzigo ni safari ya bahari, watake picha ya beringi kabla ya kutuma pesa.

Seti ya pili niliikagua kwa utulivu zaidi. Rangi ya lainingi moja pande zote, ripiti zimezama kwa kina sawa, na kati ya nyuso mbili za lainingi unaona springi bapa zilizojikunja kama wimbi. Ukibana sahani kwa vidole inabonyea kidogo. Hapo ndipo ulaini wa kuondoka unapotoka. Bandia nyingi hukosea hapo. Zinakuwa ngumu kama kibao.

Jumamosi, giaboksi chini

Tumeanza baada ya alfajiri kukwepa jua. Intakula juu ya injini ikatoka, silinda ndogo ya klachi ikawekwa kando bila kufungua bomba lake, kisha stata, propela shafti, shafti za mbele na daraja la giaboksi.

Hapa mfumo wa kuvuta una siri yake. Bolti zote zikishatoka, giaboksi bado haitaki kuachana na injini, kwa sababu mkono wa klachi umeishika beringi na beringi imejifunga kwenye presha pleti. Nimeona gereji wakiitia mtaimbo mpaka nyumba ya giaboksi ikapasuka. Ubavuni kuna kizibo kinachofunguliwa kwa kii ya pembe 6 ya milimita 10. Nyuma yake kuna pini, na pini ina nyuzi ndani. Unatia bolti ya M6, inashika, unavuta, pini inatoka, mkono unalegea. Yetu ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Fundi aliinyunyizia mafuta, akaenda kunywa chai, akarudi akaizungusha huku na huku kwa koleo, ikatoka na sauti ya msumari kwenye ubao mbichi. Pini mpya haikuhitajika. Aliipiga msasa mwembamba na kuipaka grisi.

Sahani ya zamani iko mbele yangu ninapoandika. Upande wa flaiwili, ripiti zimeshaanza kugusa chuma, kuna mistari miwili ya duara iliyochimbwa. Upande wa presha pleti lainingi bado ipo lakini imeng'aa. Ukiitikisa, springi moja ya katikati inacheza kwenye nyumba yake. Ukingoni kuna unyevu wa oili, si mwingi. Kwenye flaiwili kuna madoa ya buluu, mahala ambapo chuma kilipata joto kali na kuwa kigumu kuliko sehemu nyingine.

Madoa hayo ndiyo yaliyotufanya tuipeleke flaiwili kwa mkerezaji. Ukifunga sahani mpya juu yake, sehemu ngumu hazivaliki sawa na nyingine, na baada ya miezi michache unaanza kuhisi mtikiso wakati wa kuondoka. Mkerezaji aliondoa unyoya tu, mpaka madoa yakafutika, akapima pande zote kwa saa ya kupimia. Flaiwili yangu ni ya kipande kimoja cha chuma, ndiyo maana inakerezeka. Zile za vipande viwili zenye springi ndani zina kanuni zake na nyingi hubadilishwa nzima.

Jumapili, kufunga

Kifuniko cha chuma kimekaa, sili mpya imekaa. Flaiwili tumeikaza kwa Nm 72, presha pleti kwa Nm 16, kidogo kidogo kwa msalaba, kwa spana ya kupimia. Fundi ana mkono mzuri na miaka mingi, lakini Nm 16 ni ndogo mno kuiachia mkono. Bolti za presha pleti hukatika kwa kukazwa sana. Nyuso zote tulizisafisha kwa dawa ya breki na tukavaa glavu, maana hata alama ya kidole chenye grisi ni doa. Kwenye meno ya shafti ya kuingilia tulipaka grisi nyembamba, tukafuta, ikabaki kivuli chake tu. Ikizidi hurushwa kwenye lainingi.

Giaboksi ikaingia mahala pake, pini ikarudi, kisha fundi akaulazimisha mkono wa klachi mpaka beringi ikalia "tak" na kujifunga kwenye vidole. Bila sauti hiyo usifunge kitu kingine chochote.

Oili ya klachi tumeimwaga yote na kutia mpya, DOT 4, tukatoa hewa mpaka mapovu yakaisha. Ya zamani ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Oili hii hunywa unyevu wa hewani, na kwa hewa ya kisiwani nimeamua niibadilishe mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema.

Kulainisha

Kilomita 800 bila kuikanyaga. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, kwa hiyo zinachukua muda, na kilomita za njia ndefu ya Nungwi hazina faida kubwa: kinacholainisha lainingi ni kuondoka na kubadilisha gia, mara nyingi, kwa upole. Nimekuwa nikipita Mwanakwerekwe, Amani na Kinazini wakati ambao wenzangu wanapakimbia. Siku za mwanzo kulikuwa na harufu ndogo, ikaisha. Pedali ni nzito kuliko zamani lakini goti halilalamiki. Mke wangu ameiendesha mpaka sokoni na kurudi, akasema haoni tofauti ila kwamba inashika juu kidogo.

Ijumaa, baada ya kilomita 800

Njia ya Fumba tena, gia ya nne, mizunguko 2,500, mafuta chini. Mshale na spidi vimepanda pamoja. Nikarudia injini na klachi zikiwa zimeshapata moto baada ya kutoka Tunguu. Sawa. Gia ya pili kwenda ya tatu, haraka, mafuta yakiwa tele: inashika kwa nukta moja ya ulaini kisha inafunga, bila kishindo kwenye giaboksi. Jozani nilipita taratibu kama inavyopasa, kima punju walikuwa njiani, na kwenye yale matuta gari ilitambaa kwa gia ya kwanza bila kutetemeka.

Kilichobaki ni masta silinda. Ule unyevu chini yake umeongezeka tangu pedali ilipopata uzito, jambo la kutarajiwa kwa sili za umri huo. Mpya imeshaagizwa, itakuja na boti ya wiki ijayo pamoja na seti ya kiwandani ya ndugu yangu wa Wete. Picha ya beringi yake nimeshaletewa, ni ya kuvuta.